Mnada wa eBay ya Ujerumani kwa muuza sarafu: wanunuzi ni wazuri, kwa wababaishaji jiandae mapema

Nauza sarafu za zamani za Afrika Mashariki kwa mnada kwenye eBay ya Ujerumani, soko la mtandaoni. Naishi Hamburg, na sarafu zenyewe nazipata hukuhuku, kwenye masoko ya vitu vikuukuu ya mwisho wa wiki na kwa watu wanaosafisha nyumba za wazee wao waliofariki. Heller na pesa, yaani sarafu ndogondogo, na rupia za enzi za Mjerumani si adimu huku. Nyingine zilitengenezwa katika mji huuhuu, nazo zina herufi ndogo J, alama ya kiwanda cha sarafu cha Hamburg. Ninazozipenda mimi ni zenye herufi T. Nimezaliwa Tabora, na T ni Tabora: sarafu za heller 20 za mwaka 1916, zilizopigwa kwenye karakana ya reli wakati Waingereza wameziba njia ya bahari na sarafu hazifiki tena kutoka Ulaya. Ukiishika mkononi unaiona haraka ya vita: ukingo haulingani, taji limefifia upande mmoja.

Wenzangu wa huku huniuliza kama eBay inafaa. Inafaa. Kwa sarafu sijaona soko jingine linalokutanisha wakusanyaji wengi kiasi hiki, na tangu Machi 2023 muuzaji binafsi Ujerumani halipi ada ya mauzo. (Ukifikisha mauzo 30 au euro 2,000 kwa mwaka, mtandao unapeleka taarifa zako kwa watu wa kodi, kwa hiyo weka kumbukumbu.) Kinachochosha ni wale wanaoweka dau bila nia ya kununua, au wenye nia nyingine kabisa.

Mnadani kwetu dalali anamwona mtu usoni. Akipandisha bei halafu akajifanya hayupo, soko zima limemjua, na wiki ijayo hakuna atakayemsikiliza. Kwenye mtandao aliyekuvurugia mnada anaweza kurudi kesho kwa jina jipya, akaunti yenye sifuri, yaani isiyo na maoni yoyote ya wauzaji, na asijulikane.

Aina ya kwanza ni anayeshinda na kunyamaza. Niliweka rupia ya fedha yenye sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili na kofia yake ya chuma. Watu wawili walipandishana mpaka bei ikapita kiasi nilichotarajia. Mnada ukaisha Jumapili usiku, mshindi akapotea. Sikumfokea wala kumtumia ujumbe wa kubembeleza. Kanuni inampa mnunuzi siku 4 za kulipa. Zikiisha, unafuta mauzo kwa sababu ya kutolipa na jambo linaandikwa kwenye rekodi yake. Hapo nawasihi wauzaji wenzangu: chagua sababu hiyohiyo, ya kutolipa. Wapo wanunuzi wanaoandika kwa upole, “naomba ufute tu, sema tumekubaliana.” Ukikubali, umemsafisha, na muuzaji anayefuata hataonywa.

Maana rekodi hiyo ndiyo njia pekee tuliyobaki nayo ya kuwaonya wenzetu. Tangu mwaka 2008 muuzaji wa eBay hawezi kumwachia mnunuzi maoni mabaya. Unaweza kumsifu au kukaa kimya, basi. Naelewa kwa nini waliamua hivyo, wauzaji wengine walikuwa wanalipiza kisasi kwa wanunuzi wenye malalamiko ya kweli. Lakini matokeo yake ni kwamba ukurasa wa mnunuzi wenye sifa za asilimia 100 haukuambii chochote kuhusu tabia yake. Hili naliona ni pungufu kubwa la huduma hii, na sijaona dalili ya kulirekebisha.

Kinachofidia ni mipangilio ya kuzuia wanunuzi, na hii wauzaji wengi hawajawahi hata kuifungua. Unaweza kuwakataa wote wenye rekodi ya kutolipa ndani ya miezi fulani, walioko nchi usizotuma mzigo, na kuweka kikomo cha vitu ambavyo mtu mmoja anaweza kuchukua kwako ndani ya siku 10. Zaidi ya hapo ipo orodha ya kuzuia majina mojamoja. Mimi jina la asiyelipa linaingia humo saa ileile ninapofuta mauzo. Ningeulizwa nyota, ningewapa nne kwa ulinzi wa kabla ya mnada na mbili kwa ulinzi wa baada yake.

Kuhusu rupia ile, mtandao ulinipa nafasi ya kumpelekea ofa mtu wa pili kwa dau lake mwenyewe la juu kabisa. Nilituma. Akanijibu kwa adabu lakini kwa ubaridi: hanunui, maana hajui kama yule wa kwanza hakuwa mtu wangu. Iliniuma, lakini nilimwelewa. Dau lake lilisukumwa juu na mtu ambaye hakuwa mnunuzi, kisha mimi ndiye ninayemdai bei hiyohiyo. Siku hizi, kama tofauti iliyoletwa na mbabaishaji ni kubwa, situmi ofa ya pili. Narudisha sarafu mnadani wiki inayofuata, naandika kwenye maelezo kwamba mshindi wa awali hakulipa, na yule wa pili namwandikia kumjulisha. Wengi hurudi, na wanarudi bila kinyongo.

Wajerumani wana sababu ya kuwa na shaka. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kesi ya mtu aliyeuza gari aina ya VW Golf kwa bei ya kuanzia euro 1, huku yeye mwenyewe akijipandishia kwa akaunti ya pili. Mahakama ilisema madau yake mwenyewe hayahesabiki. Ukiyaondoa, mnunuzi halali alikuwa ameshinda kwa euro 1.50, na kwa kuwa gari lilishauzwa kwingine, muuzaji akatakiwa kumlipa fidia ya euro 16,500. Nalitaja hili kwa sababu nimesikia ndugu zetu wakiambiana, “mwambie shemeji aweke dau kidogo, bei isilale.” Jamani, usimtume shemeji. Kama unaogopa bei kulala, panga bei ya kuanzia ambayo hata ikishinda yenyewe huumii. Tabora zangu huanzia euro 35 na hazianzii 1, hata nikiambiwa vipi kwamba 1 huvuta watu.

Bei hiyo ya kuanzia ndiyo iliyoniokoa na aina ya pili, ambayo ni ya ujanja zaidi. Nilikuwa na fungu la sarafu za heller 20 za Tabora, chache nzuri, pamoja na heller 5 ya shaba ya njano ya mwaka huohuo. Siku ya kwanza mtu akaweka dau la euro 35. Muda mfupi baadaye zikaja akaunti mbili mpya, zote sifuri, zikaruka mpaka bei iliyoonekana ikawa zaidi ya euro 400. Kwa asiyejua ni sherehe. Kwa mkusanyaji anayezijua bei, huo ni mlango uliofungwa: anaona 400, anaguna, anaondoka. Asingeweza kusogeza bei hata kama angeweka dau la haki la 150.

Kanuni ya kuondoa dau iko hivi. Kama zimebaki zaidi ya saa 12 mnada kwisha, mtu anaweza kuliondoa kwa sababu chache zinazoruhusiwa, kama kukosea tarakimu, na madau yake yote kwenye kitu hicho yanafutika. Zikibaki chini ya saa 12, anaweza kuondoa lile la mwisho tu, tena ndani ya saa moja tangu aliweke. Mnada wangu ulikuwa unaisha Jumapili saa mbili usiku. Jumapili hiyohiyo, kabla tu ya saa mbili asubuhi, zile akaunti mbili zikaondoa madau yao, moja baada ya nyingine, na bei ikaporomoka kutoka juu ya 400 hadi 35. Aliyebaki anaongoza ni yuleyule wa kwanza. Walikuwa watatu wa chungu kimoja, au mtu mmoja mwenye akaunti tatu.

Wakati ule niliona majina kamili ya akaunti za waweka dau, na kwenye historia ya madau niliona mtu ameondoa mangapi kwa miezi 6 na asilimia ngapi ya madau yake yako kwangu. Nilipiga picha za skrini, nikaziweka zile mbili kwenye orodha ya kuzuia, na nikaripoti. Dau la yule wa kwanza sikulifuta, ingawa kitufe kipo. Ujerumani kufuta dau la mtu si jambo la hasira. Mwaka 2015 mahakama hiyohiyo ilishughulika na muuzaji wa vipasha joto vya kale vya nyumbani aliyefunga mnada na kufuta madau, akajitetea kwamba mweka dau wake alikuwa ameondoa madau 370 ndani ya miezi sita. Bado akashindwa, na fidia ilikuwa euro 3,888. Ikiwa 370 hayakutosha, mimi na mawili yangu ningesimama wapi? Nikaacha mnada uende. Kwa bahati wakusanyaji wa sarafu wana desturi ya kungoja sekunde za mwisho, na wachache waliokuwa bado wanaufuatilia waliingia dakika ya mwisho wakaipeleka bei mahali pake pa haki. Kama ningeanzia euro 1 na kama watu wote wangekuwa wameshakata tamaa, fungu lile lingekwenda kwa bei ya kahawa.

Tangu hapo minada yangu yote inaisha Jumapili saa mbili usiku kwa makusudi: mwisho wa kuondoa madau unaangukia asubuhi, nikiwa macho, na watu wana siku nzima ya kugundua kwamba bei imeshuka.

Sasa aina ya tatu, ambayo naomba uisome polepole. Mnada unaendelea, dau la juu ni dogo, unapata ujumbe: “Niko Hamburg hapahapa, nitakupa euro 150 taslimu leo, ufunge mnada.” Ujumbe huu unavutia sana hasa kwa mgeni wa nchi. Mara nyingine anayeandika ni mnunuzi wa kweli mwenye haraka. Lakini ukifunga mnada wenye madau tayari, bila sababu inayokubalika kisheria, aliyekuwa anaongoza anaweza kukudai thamani ya kitu. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua kesi kama hiyo ya gari aina ya VW Passat. Lilianzia euro 1, mtu mmoja akaweka dau kwa ukomo wa 555.55 (mtandao hupandisha dau lako kuelekea ukomo pale tu mwingine anapokushindania, kwa hiyo akiwa peke yake dau lilibaki euro 1). Muuzaji akapata mteja wa nje wa euro 4,200, akafunga mnada. Gari lilithaminiwa 5,250, na mwenye dau la euro 1 akashinda kesi ya euro 5,249. Wapo watu hapa nchini wanaoishi kwa hilo: wanaweka madau madogo kwenye vitu vingi, wanangoja muuzaji afunge mapema, kisha inakuja barua ya wakili. Majaji wameshasema kwamba anayethibitika kufanya hivyo kwa nia mbaya anaweza kunyimwa haki, lakini mzigo wa kumthibitisha ni wako, na wakili wako unamlipa wewe.

Kwa hiyo jibu langu ni moja, kwa kila mtu, hata anapojitambulisha kuwa Mtanzania mwenzangu: asante sana, karibu uweke dau. Mnunuzi wa kweli anaweka.

Walaghai wa malipo nitawapitia haraka. Barua pepe yenye nembo ya eBay inayosema umelipwa, tuma mzigo upate fedha, haina maana yoyote kama malipo hayaonekani ndani ya akaunti yako ukiingia mwenyewe. Usibofye kiungo cha barua hiyo. Usitume kwenye anwani tofauti na iliyo kwenye oda. Sarafu ya thamani ipeleke kwa posta yenye namba ya ufuatiliaji na bima, hata kama gharama inakula faida.

Kwa anayelipa kisha akadai sarafu si ile, nina mazoea ambayo nayasisitiza. Kila sarafu naipiga picha ikiwa juu ya mizani ndogo, namba ikisomeka. Rupia ya Kijerumani ina uzito wa gramu 11.66 ikiwa mpya, ya kwangu imechakaa labda 11.5, na ina mkwaruzo wake, mahali pake. Mkwaruzo huo nauandika kwenye maelezo na kuuonyesha kwa picha ya karibu. Mtu mwenye rupia mbovu nyumbani, anayetafuta nzuri ya kubadilishana kwa kisingizio cha kurudisha, akiona picha hiyo anakwenda kwa muuzaji mwingine.

Kitu kimoja nisingekiweka kwenye mnada huu ni rupia 15 ya dhahabu ya Tabora, ile yenye tembo na mlima nyuma yake. Zilipigwa 16,198 tu. Anayeipata, tena kwa njia halali yenye maandishi, aipeleke kwenye nyumba ya mnada wa sarafu kama Künker ya Osnabrück, ambako mweka dau husajiliwa kwanza. Kamisheni watachukua, lakini hutalala ukiwaza akaunti yenye sifuri. Heller zangu zinabaki eBay, na fungu jipya la Tabora linaanza wiki hii kwa euro 35.