Elisi gani ununue kwa boti ya mbio kwenye Ziwa Kivu

Kile kinachozunguka chini ya mota na kusukuma boti, vitabu hukiita rafadha, wengine pangaboi. Goma na Bukavu tunasema elisi, nami nitaendelea hivyo hivyo. Mtu anatoa maelfu ya dola kwa mota ya nguvu farasi 115, halafu anaingia Birere, mtaa wa maduka wa Goma, na kuchukua elisi ya kwanza anayoonyeshwa, kwa sababu tu "inaingia kwenye shafti".

Na mimi nilifanya hivyo. Boti yangu ni ya faiba, mita 6, na rafiki anayeendesha boti Dubai alinishauri nifunge elisi ya 19 (namba hiyo nitaieleza chini). Nilipoijaribu mbele ya bandari ya Kituku, Goma, na watu 6 ndani, nilisukuma gesi mpaka mwisho, na mshale wa mizunguko ukagoma kwenye 4,700 kwa dakika. Mzee mmoja fundi, aliyekaa mbele na mgongo kwa dashibodi, hakuutazama hata mshale. Alisikiliza tu, akageuka: "Mtoto yangu, umeibebesha mlima."

Alikuwa na haki, na mlima wenyewe ni huu tunaoishi juu yake. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Mota isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila unapopanda mita 300, maana hewa inapungua. Piga hesabu: 115 yako ikifika hapa inabaki kama 98. Dubai iko baharini. Elisi inayofaa kule, na hata ile iliyokuja ndani ya kartoni ya mota, ilichaguliwa kwa nguvu ambazo wewe huna.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza alumini au inoksi (chuma kisichoshika kutu), soma namba. Kwenye kitovu cha elisi, au ubavuni, kumechongwa kitu kama 13 x 17. Ya kwanza ni upana wa duara, kwa inchi. Usiisumbukie sana. Ya pili ndiyo mafundi wanaita pas, yaani hatua: umbali ambao elisi ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu kama mbao. Hatua kubwa ni kama vitesi (gia) ya nne ya pikipiki, na hakuna motari anayepanda mlima wa Kadutu, Bukavu, na abiria wawili akiwa kwenye ya nne.

Chukua mota inayozunguka mara 5,500 kwa dakika, yenye gia ya 2.15, yaani mota ikizunguka mara 2.15, elisi inazunguka mara moja. Ikiwa na hatua ya 17, kwenye karatasi ingekwenda kilomita 66 kwa saa. Maji huteleza, kwa hiyo toa asilimia 10 hadi 20 na utabaki na karibu 55. Muuzaji akikuahidi zaidi ya namba ya karatasi, mwambie asante na uendelee kutembea.

Jaribio ni moja tu. Toka alfajiri kabla upepo haujaamka, tangi limejaa, mzigo na watu wako wa kila siku ndani. Fungua gesi yote na usome mshale. Mota nyingi za four-stroke zinataka 5,000 hadi 6,000 hapo, lakini namba ya kufuata ni ya kitabu cha mota yako. Ukiwa chini, punguza hatua: kila inchi moja hurudisha mizunguko 150 hadi 200. Ukiwa juu sana, ongeza. Mimi nilishuka mpaka 15, mshale ukafika 5,500, na boti ikapanda juu ya maji bila kulia. Kasi ya mwisho ilipungua kilomita 2 hivi kwa saa, wala sikuzililia. Mota inayovuta mzigo huku mizunguko iko chini hupata joto na kujaza kaboni, na pistoni ya mota ni ghali kuliko elisi tano.

Sasa aina zenyewe, nikianza na ile ambayo ningenunua kesho.

Ya kwanza: alumini, panga tatu (yale mabawa yanayokata maji), hatua inchi 2 chini ya ile inayopendekezwa kwa bahari. Si ya kujivunia bandarini, lakini fikiria ufuko wetu. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilishuka mpaka ndani ya ziwa, na hata pale ambapo haikufika, ukingo wa Goma ni mawe meusi yenye meno. Panga la alumini likigonga jiwe linapinda au kumeguka, na hasira ya pigo inaishia hapo. Pengo dogo unalisawazisha kwa tupa, unaendelea. Zile za Solas ya Taiwan hutosha kwa watu wengi, si lazima zenye jina la mota yako.

Ya pili: alumini, panga nne. Kama unabeba abiria kati ya Goma na Bukavu, kwako hii ndiyo ya kwanza. Inashika maji mapema, inatulia kwenye mawimbi ya mchana upande wa kisiwa cha Idjwi, haitetemeki. Utapoteza kilomita chache za kasi. Ukitoka panga tatu, shusha hatua inchi moja zaidi.

Ya tatu ni inoksi, na najua hapa nitatukanwa. Ndiyo, ina kasi zaidi: chuma chake ni kigumu, panga zake nyembamba, hazijikunji mota ikisukuma. Boti nyepesi, watu wawili, kina kirefu, utaipenda. Lakini bei yake ni mara tatu ya alumini au zaidi, na faida yake nyingine ni kuvumilia chumvi ya bahari, ambayo Kivu haina. Ikigonga jiwe, panga linaweza kubaki zima huku gia na shafti zikilipa. Ukiinunua, angalia pia vile vipande vya kulinda mota dhidi ya kutu: kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, weka magnesiamu, zinki ni ya baharini.

Ya nne, elisi ya plastiki ngumu yenye panga za kubadilisha moja moja. Ni ya akiba chini ya kiti. Haitakupa mbio, itakurudisha nyumbani.

Ya mwisho ni ya mkono wa pili iliyochomelewa. Niliwahi kununua moja, ikipendeza, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Nusu ya safari, mvua inanyesha, mota ikaanza kunguruma kwa nguvu huku boti imesimama. Panga zilikuwa nzima. Mpira ulio ndani ya kitovu ndio ulikuwa umechoka, na mota ilikuwa inazungusha kitovu peke yake. Tulirudi polepole mno, gesi ya kutambaa, saa nyingi. Ukilazimika kununua iliyotumika, chora mstari wa rangi kutoka sehemu ya ndani ya kitovu mpaka ya nje, ukaijaribu kwa gesi yote. Nusu mbili za mstari zikiachana, rudisha.

Kabla ya kulipa, hesabu meno ya shafti yako na yale ya ndani ya elisi. Kwa Yamaha angalia pia herufi inayofuata namba, kwa mfano 13 x 19 K, kwa sababu ndiyo inayosema ni familia gani ya kitovu. Namba zikilingana na herufi zikitofautiana, haitakaa.

Na siku ya kuifunga, chomoa kwanza kamba ya usalama ya mota, kisha weka kipande cha mbao kati ya panga na bamba lililo juu yake ili elisi isizunguke ukikaza nati. Ukiitoa ile ya zamani, tazama nyuma yake kwenye shafti. Uzi wa nyavu za sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, hujikunja pale, na upande wa Bukavu mifuko ya plastiki pia, mpaka unakata sili (mpira unaozuia maji) na maji yanaingia kwenye oili ya gia. Oili ikitoka kama maziwa, elisi mpya ingoje, sili kwanza.