Meza ya kugusa ya kujitengenezea: tamu kwa sauti ndefu za kuvuta, chungu kwa ngoma

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani tuna meza yenyewe. Hili boksi la mbao mnaloliona, juu akriliki, yaani plastiki angavu kama kioo, na tumboni waya tupu, ni skrini ya kugusa ya kujitengenezea. Unaweka vidole vyote kumi, mwenzako anaweka vyake, na kila kidole kinatoa rangi au sauti yake. Mmeniuliza sana kama kuna haja ya kuhangaika nayo wakati tableti zimejaa kila mahali. Nitajibu, ila mjue mapema kwamba naipima kama ala ya muziki. Kuangalia barua pepe humu sitaki hata kusikia.

Tufungue huu mlango wa pembeni. Kuna projekta, kioo cha kujitazamia kilicholazwa kwa pembe, kamera ndogo na taa za infraredi, mwanga ambao jicho halioni lakini ndio kamera inautumia kuviona vidole. Projekta inatupa picha kwenye kioo, kioo kinaipandisha juu hadi kwenye karatasi ngumu yenye ukungu iliyolala juu ya akriliki. Kioo hicho si pambo. Projekta ya kawaida inataka umbali ndipo picha itanuke, na bila kuukunja huo mwanga meza ingerefuka mpaka uicheze umepanda stuli.

Sasa sogea karibu, hapa ndipo penye utamu. Mnaona hiki kijiglasi kwenye ncha ya kidole changu? Ni kidogo kuliko ukucha, na nikikigeuza kwenye mwanga kinametameta wekundu fulani. Kinakaa nyuma ya lenzi ya kamera ya kompyuta, na kazi yake ni kuzuia infraredi. Sisi tunataka kinyume chake, kwa hiyo kinang'olewa, na mahali pake tunaweka kitu cha kuzuia mwanga wa kawaida. Vipande viwili vya filamu ya zamani ya picha za rangi, ile sehemu nyeusi iliyopigwa na mwanga kisha ikasafishwa, vinatosha. Usipofanya hivyo kamera itaiona picha ya projekta na kuidhania ni vidole, na meza itaanza kujicheza yenyewe.

Kuna njia kuu mbili za kumulika. Ya kwanza ndiyo iliyowasha moto huu wote: mwaka 2005 Jeff Han wa Chuo Kikuu cha New York alichapisha namna ya kuingiza infraredi kupitia kingo za akriliki. Mwanga ukigonga uso kwa mshazari, kwa pembe inayozidi digrii 42 hivi kutoka mstari uliosimama wima juu ya uso, hautoki, unadundadunda mle ndani. Kidole kikikandamiza, unaponyoka pale pale, na kamera inaona nukta nyeupe safi kabisa. Tatizo ni kwamba kidole kikavu hakishiki vizuri bila utando laini wa silikoni juu, na kitu kigumu ukikiweka mezani hakionekani.

Njia ya pili, taa zinakaa chini na kumulika uso mzima, na chochote kinachogusa kinarudisha mwanga. Nukta zake ni hafifu, na taa zikielekezwa moja kwa moja juu unapata madoa makali yanayoichanganya kamera. Zielekeze kwenye kuta za boksi zilizopakwa nyeupe, mwanga utawanyike. Kwa muziki mimi nachagua hii bila kusita, kwa sababu inaona vitu. Ndiyo njia ya Reactable, ala iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, ambayo mwanamuziki Björk wa Iceland alizunguka nayo jukwaani mwaka 2007. Programu yake ya kutambua alama, reacTIVision, ni ya bure.

Tazama. Hii kete ya mbao ina alama nyeusi na nyeupe chini yake. Naiweka, besi inaingia. Naizungusha kushoto, sauti inazama, kulia, inapanda. Kamera inasoma namba ya alama, mahali ilipo na pembe iliyogeukia, kisha reacTIVision inatuma habari hizo kwa TUIO, lugha ya programu kupashana habari za mguso, kwa kawaida kupitia mlango wa mtandao namba 3333, na Pure Data, programu ya kutengeneza sauti, inazipokea na kutoa sauti. Mchoraji anaweza kuzipokea kwa Processing, programu ya kuchora kwa kuandika msimbo. Ila chapisha alama kwa printa ya leza. Wino wa baadhi ya printa nyingine jicho linauona mweusi tii, lakini infraredi inaupita, kamera inaona karatasi tupu.

Haya, dosari. Sikiliza nikigonga kwa kidole. Umesikia? Kidole kwanza, sauti baadaye. Kamera ya PlayStation 3, inayopendwa sana kwenye meza hizi, inapiga fremu 60 kwa sekunde kwa picha ya pikseli 640 kwa 480, yaani karibu milisekunde 17 kwa kila fremu. Ya fremu 30 inafika 33. Ongeza muda wa kompyuta kuichambua picha na muda wa kadi ya sauti. Mpiga ngoma ataiacha hii meza kabla wimbo haujaisha. Lakini nikiburuza kidole taratibu kwenye sauti ya kuvuta, kama hivi, huko kuchelewa hakusikiki kabisa. Nayo projekta ina uchelewaji wake, ila sauti haipiti huko, kwa hiyo anayeumia zaidi ni mchoraji anayeona mstari ukikikimbiza kidole.

Jua ni adui mwingine. Lina infraredi tele, na meza ikiwekwa dirishani inapofuka. Balbu za waya wa moto ni hivyo hivyo. Kuhusu taa, tafuta zenye urefu wa wimbi wa nanomita 850, kamera nyingi zinaziona vizuri kuliko za 940. Usizikodolee karibu: jicho halishtuki kwa mwanga lisiouona. Ukitaka kujua kama zinawaka, zielekezee kamera ya mbele ya simu, mara nyingi utaona zambarau. Na projekta iliyofungiwa kwenye boksi inataka feni mbili, moja ya kuvuta hewa, nyingine ya kuitoa.

Kwa hiyo nani ajenge? Kama unachotaka ni kuchora kwa vidole vingi tu, chukua fremu ya infraredi inayofungwa kuzunguka skrini ya televisheni, utaokoa mbao na nafasi. Haitasoma kete zako, basi. Ukitaka watu wanne wazunguke meza, kila mmoja na kete yake, hii bado haina mpinzani kwangu. Ila usianze na projekta. Chukua boksi la kadibodi, weka kamera chini ikitazama juu, funika kwa glasi yenye karatasi nyepesi, na uiache taa ya chumbani itupe vivuli vya vidole. Community Core Vision, programu ya kufuata vidole kwa kamera, inavifuata vivuli hivyo vizuri tu, na utausikia huo uchelewaji kwa masikio yako kabla hujakata ubao hata mmoja.