Catalyst sina ugomvi nayo, dawati la msaada ndilo lililonikera

Nyota tatu kwa jumla. ParaView Catalyst, maktaba ya programu inayochora picha za uigaji (simulation) huku uigaji ukiendelea, inafanya kazi yake. Walionikera ni watu wa kituo cha kompyuta kuu tunakonunua muda.

Gridi ya pande tatu (3D) yenye nukta 1,024 kila upande, kwa namba za biti 64, inakula GiB 8 kwa kigezo kimoja (mfano joto), hatua moja ya muda. Vigezo vitano ni GiB 40. Hatua 1,000 diski ya mradi wetu haiwezi kuzibeba, ndiyo maana tunachora picha data ikiwa bado kwenye memori, tukabaki na picha za PNG tu.

Kazi ilikaa foleni, ikapata nodi (kompyuta moja moja ndani ya kompyuta kuu), ikaisha salama bila kosa lolote. Folda ya picha tupu! Nikaandikia dawati la msaada. Jibu: "Tatizo ni programu yako, soma maelekezo." Tiketi ikafungwa hapo hapo. Hata salamu hakuna.

Tatizo lilikuwa moduli yao, yaani faili la kituo linaloandaa mazingira ya Catalyst kabla ya kazi kuanza. Tangu Catalyst 2, programu yako huungwa na maktaba tupu isiyochora chochote. Ile inayochora hupakiwa kazi inapoanza, mradi vigezo viwili vya mazingira (environment variables) viwekwe: CATALYST_IMPLEMENTATION_NAME iwe paraview, na CATALYST_IMPLEMENTATION_PATHS ielekee folda yenye libcatalyst-paraview.so, kwa kawaida lib/catalyst. Moduli yao haikuweka hata kimoja, kwa hiyo kila catalyst_execute, amri inayoitwa kila hatua ili picha ichorwe, iliitika vizuri na kurudi mikono mitupu. Saa za nodi zimeliwa, na bili ni yetu.

Kabla ya kutuma kazi kubwa, jaribu hatua mbili tu kwenye nodi moja. Ita catalyst_about baada ya catalyst_initialize. Ikijibu "stub", yaani ile maktaba tupu, simamisha kila kitu. CATALYST_DEBUG=1 inakuonyesha maktaba inatafutwa wapi. Na data kubwa ipitishe kwa amri ya set_external, inayotoa anwani ya data kwenye memori tu. Ukitumia amri ya set, data inanakiliwa, memori inajaa, kazi inauawa katikati.

Nikifikiria zaidi, nyota tatu ni uonevu. Ule ukimya wa Catalyst, kutotoa kosa lolote, una sababu: programu hiyo hiyo inaendeshwa hata pasipo ParaView. Baada ya kuweka vile vigezo viwili vya mazingira, picha zilitoka hatua kwa hatua, safi kabisa. Catalyst naipa tano.

Kituo hakipati hata moja. Nimewatumia mistari miwili ya kuongeza kwenye moduli, na tiketi bado inasomeka "imetatuliwa".