Simu yenye taa ya arifa: ununue ipi?

Muuzaji akikwambia "hii ina taa", mwombe akuoneshe inapopangwa. Taa nyingi zinawaka kwa matakwa ya kampuni: wakati wa chaji, simu ikiita, ukicheza gemu. Mimi nataka ya kijani kwa WhatsApp na nyekundu kwa ujumbe wa benki, simu ikiwa kimya mezani.

Kwa hiyo namba moja ni simu ya mtumba, OnePlus 6 ya 2018. Kitaa chake cha rangi kimejificha kwenye kipande cheusi juu ya kioo. Mdogo wake, 6T, ametoka mwaka uleule bila taa, basi soma jina vizuri kabla hujatoa hela. Ikiwekwa LineageOS, yaani Android ya watu wa kujitolea inayowekwa badala ya ile ya kampuni, kila programu unaipa rangi yake, muda wa kuwaka na kasi ya kumeta. Android ya kawaida haikupi hilo: tangu Android 8 ya 2017, programu inataja rangi mara moja tu inapofungua chaneli ya arifa (kundi la arifa za aina moja), haiwezi tena kuigeuza. Ila ujue, kuweka LineageOS kunataka ufungue kufuli la mfumo, na hilo linafuta kila kitu kwenye simu, na baadhi ya programu za benki hugoma baadaye. Tenga na hela ya betri mpya.

Namba mbili, Nothing Phone (2). Taa za mgongoni, Glyph, zimegawanywa vipande 33, na kampuni imewafungulia watengenezaji wa programu njia ya kuziamuru. Unaweza pia kuchagua arifa ambazo taa yake haizimiki mpaka uzisome. Zinawaka nyeupe tu, na simu lazima ilale kifudifudi.

Tatu, Infinix GT 20 Pro na Tecno Pova 6 Pro. Zinapendeza kweli, lakini unachagua kati ya mitindo uliyoandaliwa tayari. Za wacheza gemu hizi.

Kama simu yako ina Android 14, usikimbilie dukani. Ingia Mipangilio, kisha Ufikivu: flashi ya kamera au kioo kizima kinaweza kumeta arifa ikiingia, na rangi ya kioo unaichagua mwenyewe. iPhone nayo inaweza kutumia flashi. Hailipiwi. Usiku tu ndiyo kero, mwenzangu wa chumbani alishanipa onyo la mwisho.

Ukienda kununua, nenda na simu ya pili. Zima kioo cha ile unayoitaka, itumie ujumbe, usubiri.