TAHADHARI: franjipani "imelala" ya kuletewa na boda

Wapenda mimea wa Nairobi kaeni chonjo, kuna muuzaji anazunguka kwa magrupu ya WhatsApp ya estate akiuza franjipani, picha anazotuma ni mti umejaa maua meupe lakini kile boda anakuletea ni kijiti kwa poti, jani hakuna hata moja. Ukiuliza anakujibu "imelala tu kastoma wangu, ni baridi ya Julai, mvua ikianza itachipuka." Na hapo ndio anatushika, ju ni kweli franjipani hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi, na Julai ya Nairobi tunaijua wenyewe. Nililipa 1,800 kabla poti itoke kwake. Mvua ya vuli imekuja mpaka imeisha, kitu hakuna.

Nikashika shina nikalizungusha kidogo, likazunguka kama mwiko kwa uji. Kung'oa, mzizi hata wa dawa sikuona, chini ni kahawia, laini, ukibonyeza maji yanatoka na inanuka. Alafu ncha ya juu, pale majani hutokea, ilikuwa imekatwa ikapakwa rangi ya kijani, hii ya kupaka geti jamani!

Na ati alisisitiza nimwagilie kila asubuhi. Kijiti bila mizizi hakinywi maji, udongo ukikaa chapachapa kinaoza, alafu kikioza anakuambia ni wewe umekizamisha. Ndivyo aliniambia. Nilipomtumia picha ya hiyo rangi nikaona tiki mbili za bluu, kisha akanibloki.

Msitegemee kukwaruza ganda na ukucha pekee. Ukiona kijani na maziwa meupe ujue tu kiko hai, haimaanishi kina mizizi (na hayo maziwa yasiingie macho, hasa kama kuna watoto). Hata majani mawili matatu si ushahidi, kijiti kinaweza kuyatoa kwa akiba iliyo ndani ya shina alafu yanadumaa hapo hapo. Inua poti uangalie mashimo ya chini kama kuna mizizi, tikisa shina uone kama limeshika, na ulipe ukiwa getini baada ya kuangalia. Akikataa, boda arudi nayo.

Sina shida na mtu kuuza kijiti, bora aseme ni kijiti na bei iwe ya kijiti, jirani akipogoa yake si unaomba tu unapewa bure.

Kama uko na kijiti cha huyo muuzaji na bado ni kigumu, kata sehemu iliyooza mpaka ufike penye pasafi, kianike kivulini wiki moja au mbili kidonda kikauke, alafu panda kwa udongo uliochanganywa na mchanga mwingi, weka penye jua, maji kidogo sana mpaka kishike.

Wengine aliowauzia semeni ni estate gani, na kama kuna mtu alirudishiwa pesa aseme alimbana vipi.