Maiki ya Kurekodia Gitaa Nyumbani: Kabla ya Kulipa, Uliza Kelele Yake

Mwaka jana nilitoa shilingi elfu 90 Kariakoo kwa maiki ya kondensa, ile aina inayotumia umeme, iliyokuja na kila kitu: stendi ya mezani, sponji, kichujio cha pumzi, hadi waya. Nikafika nyumbani, nikazima feni, nikafunga madirisha, nikapakata gitaa langu la boksi. Niliporudia kusikiliza, nyuma ya kila noti kulikuwa na shiii, kama vile chumba cha pili wanakaanga samaki. Nikalaumu waya, nikalaumu kompyuta, nikamlaumu na jirani. Kumbe maiki yenyewe.

Kila maiki ya kondensa ina kelele yake ya ndani, na watengenezaji wa kweli huiandika kwa desibeli. Ukiimba mdomo ukiwa karibu, hutaisikia. Gitaa la kudonoa kwa vidole halina sauti kubwa hivyo, tena halitaki maiki ikae puani. Mahali pake pazuri ni sentimita 20 hadi 30, maiki ikitazama freti ya 12. Usiielekeze kwenye tundu. Pale utavuna mvumo mtupu. Sasa maiki yenye shiii inakulazimisha usogee, na maiki nyingi za aina hii ukizisogelea zinaongeza besi. Ukirudi nyuma kutoka sentimita 15 hadi 30, gitaa linapungua takriban desibeli 6. Shiii haipungui hata moja.

Kwenye geini, yaani kiasi unachokuza sauti ya maiki, ni yale yale. Piga ile sehemu utakayoipiga kwa nguvu kuliko zote, si ule mguso wa adabu wa kujaribia, kisha panga vilele vya sauti viishie kati ya desibeli -12 na -10 kwenye mita ya programu ya kurekodia. Ukirekodi kwa biti 24 (ni mpangilio wa ubora kwenye programu hiyo) huna haja ya kupanda zaidi, na ukigusa sifuri sauti inapasuka. Ila ukipandisha geini kulitafuta gitaa dogo, shiii inapanda nalo.

Kwa hiyo ninapanga kwa kelele: desibeli zikiwa chache, shiii ni ndogo. Rangi na umbo shauri yenu.

Ya kwanza ni Rode NT1, na sijifanyi sina upendeleo. Toleo la tano ni desibeli 4 tu. Linaingia moja kwa moja kwenye kompyuta kwa USB, au kwenye saundi kadi, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta, kama unayo. Nilipoisikiliza mara ya kwanza nilidhani haijawashwa. Bei inauma, lakini mimi nilishalipa mara mbili: ile elfu 90 na hii.

Ya pili, Audio-Technica AT2035, desibeli 12. Hutajuta.

Ya tatu, Shure SM57, inayotengenezwa tangu 1965. Hii si kondensa, haihitaji umeme, kwa hiyo haina shiii ya mitambo ya ndani, lakini sauti inayotoa ni ndogo. Saundi kadi dhaifu ukiikamua geini, kelele itatoka huko. Halafu feki zimejaa, angalia sana.

Ya nne, AT2020, desibeli 20. Kama wewe ni wa kuchapa kodi za gitaa kwa nguvu, chukua. Kwa kudonoa, hapana.

Zile za seti nzima ndani ya boksi moja nimeshazisema.

Kinachonikera ni kwamba dukani hakuna anayekuruhusu kujaribu. Boksi limefungwa kwa nailoni, ukutani pameandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi", na bei ya saa nne si bei ya saa nane. Karatasi ya vipimo ukiiomba unatazamwa kama umetumwa na TRA. Nilimpigia yule aliyeniuzia, nikamuuliza maiki yake ina kelele kiasi gani. Akanijibu kwa fahari: "Dada'ngu, hiyo ina kelele balaa, mpaka nje wanaisikia!"