Baiolojia ya jioni Mtwara: uzoefu wangu wa miezi saba

Naanza na bei kwa sababu najua ndiyo mnayoitafuta. Shilingi 25,000 kwa mwezi, siku tatu kwa wiki, saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku, Mtwara mjini. Kujiandikisha elfu kumi, hairudi hata ukiacha wiki ya kwanza. Nakala za noti unajilipia. Jina la kituo silitaji, maana mengine nitakayosema si mazuri, na mwalimu mwenyewe ni mzee wa watu ambaye hadi leo tukikutana sokoni namwamkia kwa adabu zote.

Mimi nauza pweza. Kidato cha nne nilimaliza mwaka 2004, Baiolojia nikapata F, nikaolewa, nikaachika, nikaweka meza. Mwaka juzi nikaamua kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa sababu nataka uuguzi, na chuo hakitazami umri wala sura, kinatazama cheti, na Baiolojia lazima iwemo. Tatizo ni kwamba saa za darasa ndizo saa za pweza. Mdogo wangu alinishikia meza miezi saba, na hesabu zake mpaka leo tunagombana.

Tulikuwa kumi na wanne: vijana wawili wa bodaboda, fundi cherehani, mlinzi wa usiku, dada mmoja wa Newala, waliobaki ni watoto walioanguka mtihani wa mwaka uliotangulia. Mwalimu, mstaafu, hakujisumbua na majina. Tangu siku ya kwanza mimi nilikuwa Mama Pweza.

Siku hiyo alitufundisha tabia saba za viumbe hai: kula, kupumua, kujongea, kuhisi, kukua, kuzaana na kutoa taka. Halafu akauliza kama pikipiki ni kiumbe hai. Inakula petroli, inatembea, inatoa moshi, ukiigusa injini utajua kama ina joto au haina. Vijana wa bodaboda walibisha nusu saa nzima, hadi mmoja akasema, "Ingekuwa inazaa, mwalimu, nisingekuwa hapa." Nilijua hapo hapo kwamba elfu kumi yangu haikupotea.

Tulipofika kwenye uainishaji akaniagiza pweza mzima ambaye hajapigwa. Nilimletea nikiwa na kiburi kidogo, nikidhani leo nitafundisha mimi. Akatuambia pweza yuko kundi moja na konokono na chaza. Nilikataa kabisa. Konokono ana nyumba, huyu hana hata mfupa! Akampasua polepole, kwa wembe, si kama tunavyofanya sisi ufukweni tunapopindua kichwa na kumwaga vilivyomo kwa mkupuo mmoja. Kwanza, kile tunachokiita kichwa si kichwa. Ni mfuko wa tumbo, na matumbo yote yamo humo. Kichwa chenyewe ndicho kale kasehemu kenye macho, katikati ya mfuko na minyiri. Pili, ana mioyo mitatu. Miwili inasukuma damu kwenye mashavu ya kupumulia, mmoja unaisambaza mwili mzima. Damu yake inabeba oksijeni kwa kutumia shaba, si chuma kama yetu, ndiyo maana ikishika oksijeni huwa ya bluu, na ikiikosa haina rangi ya kuonekana. Nimekata pweza miaka kumi na moja nikiamini hana damu. Jike hutaga mara moja tu maishani, hukaa pangoni akiyalinda mayai bila kula, na yakianguliwa naye hufa. Usiku ule sikuwa na hamu ya kurudi mezani, ingawa nilirudi.

Huo ndio uzuri wa darasa hili na sababu ya kuwashauri mlifikirie: mwalimu haendi mbali. Mada ya matunda aliifundishia bibo na korosho yake. Sisi tuliokulia huku tunajua bibo ndilo tunda na korosho ndiyo mbegu iliyoning'inia nje. Kumbe tunda halisi ni lile lenye korosho ndani, lenye ganda gumu la utomvu unaochoma midomo, na bibo ni kikonyo tu kilichovimba. Mada ya mageuko ya viumbe akaipeleka Tendaguru, hapo Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya madinosaria kati ya 1909 na 1913 na kuisafirisha Berlin, kisha akaruka hadi kwa silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka pamoja na madinosaria hao mpaka akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2003 akaingia kwenye nyavu za wavuvi wa Songo Mnara, Kilwa. Mtu wa samaki kama mimi sikuwahi kusikia.

Sasa hadubini. Ipo moja. Kioo chake cha kuakisi mwanga kimevunjika, kwa hiyo mtu anashika tochi ya simu kwa chini huku mwenzake anachungulia, na mkono ukitetemeka kila kitu kinatetemeka. Lenzi kubwa kuliko zote imeota ukungu, nadhani kwa hewa ya bahari. Ukitumia lenzi ya jicho inayokuza mara 10 na ile ya chini inayokuza mara 10, unapata ukubwa mara 100, na hapo ndipo mwisho wetu ulipokuwa. Lakini mara 100 inatosha kwa ngozi ya kitunguu. Unabandua ule utando mwembamba wa ndani, unaudondoshea iodini, na mbele ya jicho lako kuna ukuta wa matofali, kila tofali na nukta yake, ambayo ndiyo kiini. Mwalimu akasema Mwingereza Robert Hooke alipoona vyumba vya namna hiyo kwenye kipande cha gamba la mti, mwaka 1665, alivipa jina la vyumba vidogo, na neno seli tumelipata huko. Yeye aliona kuta tupu, maana gamba lake lilikuwa limekufa. Kitunguu changu kilikuwa hai. Foleni ilikuwa ndefu, nikaangalia dakika moja na nusu, nikatolewa.

Kwa watu kumi na wanne, hadubini moja mbovu ni dharau. Nilimwambia mwenye kituo hivyo hivyo. Akasema wanashughulikia. Nimemaliza kozi wakiwa bado wanashughulikia.

Safari ya Mikindani kuangalia mikoko ndiyo iliyoniudhi zaidi. Kwanza tulitozwa elfu tano ambayo haikutajwa siku ya kujiandikisha. Halafu tumefika, maji yamejaa! Jamani, mko Mtwara, mnapanga safari ya mikoko bila kutazama mwezi? Watu wazima tumesimama barabarani tunaangalia vilele vya miti. Nikawaambia siku ambayo bamvua ingetoa maji, tukarudi kwa nauli zetu, na hapo ndipo tulipojifunza. Mchu, mmoja wa miti ya mikoko, una mizizi iliyochomoza kwenye tope kama penseli zilizosimikwa, inavuta hewa kwa sababu tope halina oksijeni. Ukilamba jani lake unaonja chumvi, mti unaitoa kupitia majani. Mkoko wenyewe mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti, ikawa kama fimbo ndefu ya kijani, kisha ndipo inadondoka.

Osmosisi, yaani maji kuvutwa kupita utando kuelekea penye chumvi zaidi, sitaisimulia sana. Aliyewahi kutia chumvi samaki wa ng'onda akaona maji yanavyotiririka ameshaisoma, hajui tu jina lake.

Mlinzi alileta kopo la maji yenye viluwiluwi vya mbu kutoka lindo lake. Vilivyolala sambamba na uso wa maji ni vya Anofelesi, mbu wa malaria; vilivyoning'inia kichwa chini na kupumulia bomba la mkiani ni vya Kuleksi, ambao huku pwani wanatuletea matende. Dada wa Newala akauliza kuhusu chikungunya. Mwalimu akamrudishia swali: neno hilo ni la lugha gani? Akacheka kwa aibu, akasema ni la kwao. Ni Kimakonde kweli, linamtaja mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo, na ugonjwa ulitambuliwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 huko kwao, uwanda wa Makonde. Kule maji ni ya shida, watu huyaweka ndani kwenye vyombo, na mbu wa Aedes, yule anayeuma mchana na kuueneza ugonjwa huu, anataka hayo hayo. Dunia nzima inatumia neno la Kimakonde na sisi wenyewe tunalisoma kama la kigeni.

Lililonileta hasa niandike ni urithi. Dada yangu ana mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Ukweni kwake wamemsema miaka sita: ugonjwa umetoka upande wenu, kwetu haupo. Mama yetu naye alianza kuamini. Mwalimu alianza na Mendel, mtawa aliyechunguza urithi kwa kupanda njegere, wengi wakasinzia, kisha akachora ubaoni kisanduku cha vyumba vinne. Jeni ni kile kinachobeba urithi, na kila mtu hupata moja kwa baba na moja kwa mama. Baba ana jeni moja ya selimundu na moja nzima. Mama vilevile. Wote wawili ni wazima, hawajui lolote. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, mbili za kupata mtoto mbebaji kama wao, na moja ya kupata mtoto asiye nayo kabisa. Kila mimba peke yake, si kwamba wa kwanza akiugua watatu wanaofuata wamepona. Na mtoto akiugua, jeni zimetoka pande zote mbili. Akaongeza kwamba mwenye jeni moja tu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali, na kwa sababu hiyo jeni hiyo imebaki kwa wingi kwenye nchi za malaria kama yetu.

Nilinakili kisanduku kile kwenye karatasi safi. Jumapili nikampelekea shemeji yangu, nikamweleza taratibu, mama yake akiwepo. Shemeji alikaa kimya. Mama mkwe alisema mambo ya shule hayo, lakini tangu siku hiyo neno "upande wenu" sijalisikia.

Mada hiyo ilipewa jioni mbili tu. Mbili! Mimea ilipewa wiki tano. Nilipolalamika nikaambiwa muda umekwisha, na kweli ulikuwa umekwisha, kwa sababu Oktoba ilipoingia watu walikimbilia korosho. Vijana wa bodaboda waliondoka, fundi akaondoka, siku nyingine mwalimu mwenyewe hakuonekana kwa kuwa naye ana shamba. Mtihani ni Novemba. Kituo kinachofundisha kusini kinapaswa kujua kalenda ya korosho kuliko kalenda ya serikali, kianze Februari kimalize Septemba. Ada ya Oktoba nililipa yote, nikasoma siku nne.

Noti zake ni za Kiingereza, nakala ya nakala, mchoro wa moyo ni doa jeusi lenye mishale. Mwalimu anaeleza kwa Kiswahili kizuri mno, kisha unabaki peke yako na zile karatasi usiku. Nunua daftari kubwa, uchore mwenyewe anapochora ubaoni.

Matokeo yalipotoka Januari nilipata C. Ukiniuliza nyota, natoa tatu na nusu kati ya tano. Tatu ni za mwalimu. Kemia sitasomea hapo, natafuta mahali penye vifaa, anayepajua aniambie.

Mezani nimeshaanza kuwasumbua wateja. Juzi kijana kaagiza supu, nikamweleza habari ya mioyo mitatu. Akakoroga kikombe, akatazama ndani, akauliza mbona haioni. Nikamwambia inatupwa na matumbo kule ufukweni, anywe supu.